Yasuke hakukimbilia kanisani

Ninalinda ghala la saruji na mabati huku Nalukolongo, Kampala, zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa jeshini miaka kumi na tisa, nikastaafu nikiwa sajini. Nimezaliwa Bombo, Mnubi, yaani wa uzao wa askari Wasudani waliobaki Uganda, mjukuu wa askari na kitukuu cha askari. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni macho ya nani yanayomtazama mtu ninayemwandika leo. Sikusomea historia. Ninachokijua ni lindo, silaha, na kukaa katika nchi ya watu.

Mwezi uliopita binti yangu, aliye sinia tatu, yaani kidato cha tatu, alinitumia picha kwenye simu. Mwanamume mweusi, mrefu, kavaa deraya la Kijapani, upanga kiunoni. Chini yake aliandika: "Baba, huyu alikuwako kweli au wamemtunga?" Nikamjibu nitakuambia kesho. Kesho hiyo ikawa wiki tatu, kwa sababu kila usiku mvua ikishatulia na mbwa wa jirani wakishanyamaza, nilifungua simu nikasoma, na kila nilichosoma kilinifanya nitake kusoma kingine.

Alikuwako. Jina aliloitwa Japani ni Yasuke. Alifika huko mwaka 1579 katika msafara wa Alessandro Valignano, padri Mwitalia aliyetumwa kukagua kazi za Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, katika Asia. Valignano alitoka Lisbon mwaka 1574, akapitia Msumbiji, Goa na Macau kabla ya kutia nanga Japani. Padri Mfaransa, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba Yasuke alitoka Msumbiji. Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa bandari ya majahazi zamani kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498, bandari ya Waislamu iliyofanya biashara na Kilwa na Sofala. Ndiyo maana ninapomsoma simwoni kama mtu wa mbali. Ni mtu wa upande wetu wa bahari.

Barua za Wajesuiti hazimwiti kwa jina. Zinamwita cafre. Nilipolikuta neno hilo nililisoma kwa sauti, nikalitambua. Ni kafiri hilihili letu. Wareno walilipata kwa Waarabu waliofanya biashara pwani ya Afrika Mashariki, wakalifanya jina la kila mtu mweusi, wakalibeba mpaka mwisho wa dunia wanayoijua. Mtu alivuka bahari mbili akiwa amebandikwa neno lililookotwa ufukweni kwao.

Mwezi wa Machi 1581 Valignano alimfikisha Kyoto, mji mkuu. Watu walipopata habari kwamba kuna mtu mweusi katika nyumba ya mapadri, wakamiminika. Walisukumana mpaka wakavunja mlango, mawe yakarushwa, wengine wakaumia vibaya. Kelele zilimfikia Oda Nobunaga, bwana mkubwa kupita mabwana wote wa vita wa wakati ule, naye akaagiza aletewe mtu huyo.

Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wanaosimulia habari hii hupita mbio na kucheka. Nobunaga hakuamini kwamba ile ni rangi ya ngozi. Alidhani ni wino. Akaamuru avuliwe nguo mpaka kiunoni, asuguliwe kwa maji. Wakamsugua. Rangi haikutoka.

Najua kusimama kifua wazi mbele ya watu waliovaa nguo. Siku niliyoandikishwa jeshini tulipangwa mstari, vijana zaidi ya mia, tukavua, daktari akapita akitazama meno, macho, nyayo, mgongo. Hakuna aliyetutukana. Lakini nakumbuka jinsi nilivyokaza macho kwenye mti mmoja wa mwembe ng'ambo ya uwanja, nisitazame uso wa mtu yeyote. Mtu anapokaguliwa hivyo hutafuta kitu cha kutazama. Nimejiuliza mara nyingi Yasuke alitazama nini.

Ōta Gyūichi, aliyemtumikia Nobunaga na baadaye akaandika habari za maisha yake, anasema mgeni huyo alionekana wa miaka ishirini na sita au ishirini na saba, mweusi kama ng'ombe, mwenye afya na umbo zuri, na nguvu za kupita watu kumi. Barua za mapadri zinaongeza jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hizo nguvu: alikuwa anajua Kijapani kiasi, na Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye.

Hilo naliamini kabisa. Mwaka 2014 nilikuwa Somalia, na mwezi wa Oktoba tuliingia Barawa pamoja na jeshi la Somalia. Kisomali changu kilikuwa cha maneno thelathini hivi: biyo, maji, nabad, amani, haye, sawa. Watoto walikuja kunigusa nywele wakisema jareer, nywele ngumu. Siku ya tatu bibi mmoja aliyekaa kizingitini aliniamkia kwa maneno ambayo hayakuwa ya Kisomali, nikayaelewa nusu yake. Kilikuwa Chimwini, Kiswahili cha Barawa. Nikamjibu kwa Kiswahili cha jeshini, akacheka, akasema tena polepole. Kuanzia siku hiyo mtaa ule haukuwa tena na mwanajeshi wa kigeni anayepita na bunduki. Ulikuwa na mimi. Wakinihitaji waliniita. Lugha ndogo tu, ya kuvunjikavunjika, inaweza kumtoa mtu katika kundi la vitu vya kutazamwa ikamwingiza katika kundi la watu wa kusemezwa. Naona ndivyo ilivyokuwa kwa Yasuke. Walimsugua akiwa kiroja, wakamsikia akiongea, na Nobunaga akamwomba kwa padri abaki naye.

Akabaki. Huko kwa Nobunaga akaitwa Yasuke. Nakala moja ya kitabu cha Ōta Gyūichi inataja pia alivyopewa: posho, nyumba, na upanga mfupi wenye ala ya kupambwa. Tena inasema mara nyingine alibeba silaha za bwana wake. Mpwa wa Nobunaga alimzawadia sarafu za shaba 10,000. Alitembezwa mjini Kyoto akiwa na mtu wa kumsindikiza, ili kila mtu ajue yuko chini ya ulinzi wa nani, na maneno yakaenea kwamba huenda Nobunaga atamfanya tono, yaani mwenye ardhi na watu wake.

Neno la Kijapani la malipo hayo ni fuchi, mgao wa mchele anaopewa mtu aliye katika utumishi wa bwana. Mimi nimeandika posho na sitalibadili. Hapa Uganda posho ni ugali, kila mtoto wa shule anaujua, lakini neno lenyewe lilianza kwa askari na wapagazi: chakula chako cha siku, kilichopimwa, kinachoonyesha wewe ni wa nani. Mtu akila posho ya bwana hawi mgeni tena. Ana jina kwenye orodha.

Mchezo mmoja wa kompyuta uliotangazwa mwaka 2024 ulimfanya Yasuke kuwa mmoja wa wahusika wakuu, na tangu hapo watu wanarushiana maneno usiku kucha. Alikuwa samurai kweli, askari wa tabaka la heshima, au mtumishi tu aliyevalishwa? Nimesoma mabishano hayo mpaka macho yakauma. Wengi wanaobisha wanaichukua Japani ya baadaye, ile ambayo tabaka la samurai lilikuwa limefungwa kwa sheria na mtu akizaliwa mkulima anakufa mkulima, kisha wanairudisha nyuma. Amri ya kuwanyang'anya wakulima panga ilitoka mwaka 1588. Aliyeitoa ni Toyotomi Hideyoshi, na Hideyoshi mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya watu wa chini, akaanza utumishi wake kwa Nobunaga katika kazi ndogo kabisa, akapanda mpaka akaitawala nchi nzima. Nobunaga ndiye aliyekuwa bwana wa namna hiyo. Aliangalia mtu anaweza nini. Baadaye baharia Mwingereza, William Adams, aliyefika mwaka 1600, alipewa na Tokugawa Ieyasu, aliyeitawala Japani baada ya Hideyoshi, ardhi, panga na cheo.

Mimi nitasema ninavyoona kama askari. Mtu mwenye posho ya bwana, nyumba ya bwana, upanga wa bwana, na anayeachiwa kubeba silaha za bwana, huyo ni askari wa bwana. Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Nimewahi kuwa mlinzi wa mkubwa mmoja kwa miezi minane. Unatembea hatua mbili nyuma yake, upande wa kulia. Silaha iko mkononi mwako, mgongo wake uko mbele yako. Hakuna karatasi inayoandikwa kuhusu imani hiyo, lakini kila siku anapokugeuzia mgongo ametia sahihi upya. Nobunaga alikuwa na maadui nchi nzima. Mgongo wake hakumgeuzia kila mtu.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1582 Nobunaga aliumaliza ukoo wa Takeda, maadui zake wa miaka mingi, akaenda kuzikagua nchi zao, na njiani kurudi akapita mahali pa kuutazama mlima Fuji. Yasuke alikuwa katika msafara huo. Tunalijua hilo kwa sababu Matsudaira Ietada, aliyekuwa akiandika daftari la kila siku, aliwaona wakipita mwezi wa Mei, akaandika: anaitwa Yasuke, bwana anampa posho, mwili wake ni mweusi kama wino, kimo chake ni shaku sita na sun mbili. Hiyo ni kama sentimita 188.

Niliposoma kimo hicho niliinuka nikaenda getini, nikasimama kidogo kwenye baridi.

Nyumbani Bombo kuna kitabu kidogo cha babu yangu cha kumalizia jeshi. Babu alikuwa King's African Rifles, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, wakavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alipigana na Wajapani. Aliporudi hakusema mengi kuwahusu, ila kwamba walipigana hata walipokuwa na njaa, na kwamba usiku mmoja alisikia Mjapani aliyejeruhiwa akiita, na sauti ile haikuhitaji mkalimani, alikuwa akimwita mama yake. Haboba, mke wake, alikihifadhi kitabu hicho ndani ya sanduku la bati, chini ya tabaga zake za kufunikia chakula. Ndani yake kumeandikwa: kabila, Msudani. Kimo, futi tano na inchi kumi. Alama, kovu goti la kushoto. Tabia, nzuri sana. Basi.

Miaka yote niliyokifungua kitabu kile nilitafuta sauti ya babu, nikakuta kimo. Kwa Yasuke ni vilevile. Walimpima. Wakaandika rangi, umri wa kukisia, nguvu, urefu. Maneno yaliyomfanya Nobunaga asichoke kumsikiliza, hata moja halikuandikwa. Nampenda Ietada kwa kuliandika lile jina. Lakini ningetoa sentimita zote 188 nipate sentensi moja aliyoitamka njiani, mlima Fuji ukiwa mbele yake.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe, maana huo ndio ulionifanya niandike.

Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582, Nobunaga alikuwa amelala katika hekalu la Honnō-ji, Kyoto, akiwa na vijana wake wa karibu na watumishi, watu wachache. Majemadari wake walikuwa mbali, kila mmoja kwenye vita vyake. Mmoja wao, Akechi Mitsuhide, alikuwa ameagizwa aende magharibi kumsaidia Hideyoshi. Alitoka na jeshi la takriban watu 13,000, na usiku akaligeuza likaelekea Kyoto. Walilizingira hekalu kabla ya jua kuchomoza. Nobunaga alitoka kibarazani akapigana kwa upinde, halafu kwa mkuki, akajeruhiwa mkononi, akarudi ndani, moto ukawaka, akajiua humo.

Kanisa la Wajesuiti lilikuwa mtaa mmoja tu kutoka hapo. Karibu kiasi kwamba padri aliyekuwa akivaa mavazi ya misa ya alfajiri aliambiwa na waumini asubiri, kuna ghasia mbele ya jumba la Nobunaga, kisha wakasikia milio ya bunduki na kuona moto. Tafadhali msomaji, lifikirie hilo. Bwana amekufa. Posho imekufa naye. Hakuna afande wa kutoa amri. Mtaa mmoja pembeni kuna nyumba ya watu uliokuja nao, wanaokujua sura, wanaoweza kukuficha. Nawe ni mtu ambaye Kyoto nzima inamtambua kwa mbali.

Yasuke hakwenda huko. Padri Luís Fróis ndiye aliyeandika: baada ya kifo cha Nobunaga, alikwenda kwenye nyumba ya mwanawe, Nobutada, akapigana huko kwa muda mrefu. Nobutada alikuwa amejifungia katika jumba la Nijō. Ndani mlikuwa na mwanamfalme, mtoto wa mfalme mkuu. Vita vikasimamishwa kidogo ili atoke na watu wake, kisha vikaanza upya. Watu wa Akechi walipanda juu ya paa la jumba la jirani wakawa wanapiga risasi na mishale kwenda chini. Aliyewahi kupigwa kutoka juu anajua hapo hakuna pa kujificha. Nobutada naye akajiua.

Ninapoisoma hii nawafikiria watu wangu. Mwaka 1889 Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ekwatoria, aliondoka na mvumbuzi Stanley, na askari wake Wasudani wakabaki nyuma, wengine Kavalli, ng'ambo ya Ziwa Albert, chini ya Selim Bey. Bendera ya Misri waliendelea kuipandisha. Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza, alipowafikia mwaka 1891 na kuwataka wamtumikie, Selim Bey alisema hawezi kutumikia bendera nyingine bila ruhusa ya Khedive, mtawala wa Misri, ambaye hakuwa amewaona wala kuwalipa kwa miaka. Haboba alitusimulia kisa hicho akisuka, bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilipokuwa kijana niliona ni ujinga. Sasa nina miaka hamsini na mbili na sioni hivyo. Mtu ambaye ametolewa kwao, amepewa jina na wengine, amevishwa na wengine, kitu kimoja kinachobaki kuwa chake kabisa ni neno lake. Mahali pa kulionyesha ni pale ambapo hakuna tena anayelidai.

Nijō ilipoanguka, askari mmoja wa Akechi alimkaribia Yasuke akamwambia asiogope, atoe upanga wake. Akautoa.

Kuna wanaoandika kwamba samurai wa kweli angejiua, na kwamba kutoa upanga kunathibitisha hakuwa mmoja wao. Wanaandika hivyo wakiwa wamekaa. Mabwana zake wawili walikuwa wamekufa asubuhi moja. Hapakuwa na mtu wa kulinda tena mle ndani. Alikuwa amepigana muda mrefu, na mikono ya mtu aliyepigana muda mrefu hutetemeka hata kikombe hakikamati. Mimi sioni aibu hapo, na nikimsikia mtu anasema kuna aibu nitamwuliza aliwahi kulinda nini.

Yule askari akamwuliza Akechi wamfanye nini. Akechi akasema huyo mweusi ni mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, asiuawe, wampeleke kwenye kanisa la mapadri. Basi akafika kanisani hatimaye, mtaa mmoja tu kutoka alikoanzia, bila upanga. Akechi mwenyewe alishindwa vita vya Yamazaki tarehe 2 Julai na akauawa akikimbia.

Neno hilo, mnyama, nililisoma saa tisa usiku na lilinikaa kooni mpaka asubuhi. Mtu aliyemsaliti bwana wake akiwa usingizini alimtazama mtu aliyekwenda kupigania mtoto wa bwana aliyekufa, akaona hajui kitu.

Siku niliyostaafu nilirudisha bunduki ghalani. Ofisa wa silaha alisoma namba, nikaitikia, akahesabu risasi, nikatia sahihi. Ilichukua dakika nne. Nilipotoka nje sikujua mkono wa kulia niuweke wapi. Niliutia mfukoni, nikautoa, nikaushika kwa ule wa kushoto. Nilitembea mpaka stendi ya teksi hivyohivyo, mkono mmoja umeushika mwenzake, na barabara ile ya Bombo niliyoijua tangu utotoni ilikuwa ndefu.

Binti yangu nilimpigia simu Jumapili, nikamweleza yote haya kwa mpangilio mbaya kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza. Kisha akauliza, kutoka Nijō mpaka kanisani ni mbali? Nikamwambia si mbali, mwanangu. Ni mwendo wa mtu kutembea polepole.